Karatasi iliandikwa 9:00

Nianze na karatasi yenyewe ya kuitwa mahakamani maana ndo chanzo cha yote. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina doa la wino pembeni, na ilikuwa imekaa ndani ya daftari la hesabu la mpwa wangu wiki mbili nzima. Juu mhuri, chini sahihi isiyosomeka, katikati majina yake yote matatu, namba ya kesi, tarehe, na pale kwenye saa wameandika 9:00. Basi. Hakuna asubuhi wala mchana. Dada yangu akaisoma kama anavyosoma saa siku zote, saa tisa. Akampigia mtoto shati pasi, wakatoka nyumbani mapema, wakafika saa nane na nusu mchana wamefurahi kabisa kwamba wamewahi, wakakuta korido tupu, mtu mmoja anapiga deki na karani anafunga kabati.

"Mama, hii ilikuwa saa tatu asubuhi. Jina limeitwa mara tatu, ndani na nje. Waranti ya kumkamata imeshatoka."

Dada alinipigia analia, na nyuma yake namsikia mtoto anauliza mama, mi nimefungwa? Ana miaka 15. Kosa lenyewe, kwa wale mnaotaka kujua, walikuwa wanarushiana mawe na wenzake jiwe moja likaishia kwenye kioo cha gari la watu, wenzake wakakimbia, yeye ndo mrefu kuliko wote kwahiyo ndo aliyeonekana. Akapelekwa, akahojiwa mama yake akiwepo, akaachiwa kwa dhamana ya mama, na kila mtu alikuwa anasema hii itaisha kwa kulipa kioo na kuomba msamaha. Kesi ndogo jamani. Na sasa ina waranti juu yake.

Usiku ule nilipokea ushauri mwingi kuliko nilioomba. Mmoja akasema mtoto hatolewi waranti, sheria hairuhusu, laleni. Mwingine akasema msiende wenyewe, subirini waje, wakija mtajieleza. Wa tatu, huyu mtu mzima kabisa ninayemheshimu, akashauri mtoto aende akakae kwa bibi yake miezi miwili mitatu mpaka mambo yapoe. Wote wanatupenda, wote walikuwa wanatupeleka shimoni. Ndo maana naandika. Mimi sio loya, mi ni mjomba tu niliyekesha na simu nikisoma sheria za nchi tofauti, halafu asubuhi nikaenda kukaa kwenye benchi na loya wa kweli ambaye alinisahihisha nusu ya nilichosoma. Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwahiyo usichukue hapa kila kitu kama kilivyo ukakimbilia nacho kwa hakimu, ila mwenendo wa jambo lenyewe unafanana sana kila mahali.

Hili la kwamba mtoto hawezi kutolewa waranti, nadhani watu wanalitoa kwenye zile haki za mtoto wanazozisikia redioni. Nikaenda kusoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ule wa 1989, kifungu cha 37, haukatazi mtoto kukamatwa. Unachosema ni kwamba kukamatwa, kuwekwa ndani au kufungwa kwa mtoto kufuate sheria, kuwe ni hatua ya mwisho kabisa, na kuwe kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Hatua ya mwisho sio sawa na haipo. Na mtoto hapo ni yeyote chini ya miaka 18, kwahiyo yule bwana wa miaka 17 mwenye ndevu na yeye ni mtoto, na akikosa tarehe na yeye anaitwa mtoto aliyekosa tarehe. Chini kabisa kuna umri ambao hawezi kushtakiwa kwa jinai, na huo ndo unaotofautiana: Uingereza na Wales ni miaka 10, Kenya waliupandisha kutoka 8 hadi 12 kwa Sheria ya Watoto ya 2022, Afrika Kusini nao walitoka 10 wakaenda 12. Mtoto akishavuka hapo mahakama inaweza kumwita, na ikimwita asipofika kuna kitu kitafanyika.

Kitu gani sasa. Hapa ndo nilipoona picha yangu kichwani ilikuwa ya sinema, mimi nilidhani mtu akikosa basi polisi wanatoka mbio na gari. Loya alinieleza inavyokuwa mle ndani. Faili linafunguliwa, jina linaitwa, hakuna mtu, linaitwa tena nje ya mlango, hakuna mtu. Hakimu anauliza swali moja la muhimu, huyu mtoto alijua? Yaani kuna ushahidi kwamba wito ulimfikia yeye au mzazi wake? Kama hakuna anayeweza kuthibitisha, hakimu makini ataahirisha na kuagiza samansi nyingine ipelekwe. Kama alijua, kwa mfano alikuwepo mara ya mwisho tarehe ilipotajwa au mama yake alisaini, hapo ndo waranti inaingia. Kuna mahakimu wanaotoa waranti halafu wanaizuia isitekelezwe mpaka tarehe inayofuata, ni kama kumwambia mtu nimeshaandika ila sijaituma, njoo kabla sijaituma. Na kuna wanaoanza na mdhamini, wanamwita aje aeleze kwanini mahakama isiidai ile dhamana aliyoweka. Kwetu mdhamini ni dada. Kwahiyo siku ile wakati anamlilia mwanae, na yeye mwenyewe alikuwa na la kujibu ila alikuwa hajui bado, na mimi sikumwambia mpaka asubuhi, mnisamehe.

Ushauri wa kwa bibi ndo ulioniudhi zaidi nilipokuja kuelewa. Waranti haipoi. Sio chakula. Sehemu nyingi inabaki hai mpaka itekelezwe au mahakama yenyewe iifute, haijali umekaa kwa bibi miezi miwili au miaka miwili, na haifutiki kwa sababu mtoto ametimiza 18. Inakaa kimya kwenye mfumo halafu inakuja kutokea siku ambayo hamuitaki, kijana kasimamishwa barabarani kwa kitu kidogo tu, au kaenda kuomba hati fulani, jina linaingizwa kwenye kompyuta, afande ananyanyua macho. Na siku hiyo hayupo tena mtoto wa miaka 15 aliyekosea saa, yupo kijana wa miaka 19 aliyekimbia mahakama miaka minne. Karatasi ni ileile ila sura imebadilika.

Kingine ambacho sikuwa nakijua kabisa ni kwamba kukosa tarehe kunaweza kuwa kosa jipya linalosimama peke yake. Uingereza wana sheria yao ya dhamana ya 1976, kifungu cha 6, mtu aliyeachiwa kwa dhamana asipofika bila sababu ya msingi ametenda kosa, hata kama kwenye kesi ya mwanzo atakuja kuonekana hana hatia. Soma tena hapo. Unaweza kushinda kesi ya kioo ukashindwa kesi ya kutokwenda kwenye kesi ya kioo. Halafu kuna kakifungu kadogo ndani yake ambako nilikasoma mara mbili, kwamba hata kama ulikuwa na sababu nzuri ya kukosa, bado ni kosa usipojisalimisha mapema iwezekanavyo baada ya hiyo sababu kuisha. Yaani mtoto alilazwa Jumatatu, akatoka Jumatano, mzazi akakaa nyumbani mpaka mwezi unaofuata kwa sababu "tuna cheti cha hospitali". Cheti kinakulinda Jumatatu mpaka Jumatano. Baada ya hapo uko mwenyewe.

Ila hukohuko wana kitu kinachoonyesha kwamba sheria inakumbuka huyu ni mtoto. Mtu mzima asipotokea kwenye kesi mahakama za chini, utaratibu wa kawaida ni kesi kuendelea bila yeye labda iwe kinyume na haki. Akiwa chini ya miaka 18 neno linabadilika, mahakama inaweza kuendelea, sio lazima iendelee. Tofauti ya neno moja, na hapo ndipo wakili mzuri anaposimama. Na kama mtoto ana chini ya miaka 16 mahakama inatakiwa kumtaka mzazi au mlezi awepo pale labda iwe haina maana kumlazimisha, kwahiyo mzazi nae ana siti yake na ikiwa tupu inaonekana. Tanzania pia, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kesi ya mtoto isikilizwe faragha, afisa ustawi wa jamii awepo, na mzazi, mlezi au rafiki wa karibu awepo. Mi nilikuwa nadhani mzazi anaenda kusindikiza. Hapana, ni sehemu ya kikao.

Marekani ndo nimesoma zaidi kwa sababu wameandika zaidi, na pia kwa sababu ndo walikoanzisha mahakama ya watoto ya kwanza, Chicago mwaka 1899, na kila jimbo lina utaratibu wake mpaka unachanganyikiwa. Kwa jumla mtoto akikosa, jaji anatoa amri ya kumchukua, akipatikana analetwa, na kama hajaachiwa kwa mzazi inabidi jaji amuone haraka ili aamue anakaa ndani au anarudi nyumbani. Na kwenye hiyo kuamua, sehemu nyingi wana fomu ya kupima hatari yenye pointi, kosa lina pointi zake, historia ina zake, na mojawapo ya vitu vinavyoongeza pointi ni kama amewahi kukosa tarehe. Kwahiyo uone mnyororo unavyojifunga: mtoto hakuwekwa ndani kwa sababu ya kioo, kioo hakitoshi, lakini anaweza kuwekwa ndani kwa sababu alishakosa tarehe ya kioo. Hasara yenyewe ni hiyo zaidi ya faini au nini. Anapoteza kuaminika. Hakimu anaangalia faili, hajui mtoto wako anaosha vyombo bila kuambiwa na hajui kwamba analala taa ikiwa inawaka, anaona tu mstari mmoja umeandikwa hakufika.

Nilipofika hapo kwenye kusoma ilikuwa kama saa nane usiku nikakutana na kesi ya Gerald Gault, na hiyo ilinifanya niende kuitoa ile karatasi kwenye daftari niiangalie upya.

Huyu alikuwa mvulana wa miaka 15, umri uleule, huko Arizona mwaka 1964. Alituhumiwa kumpigia jirani simu na kumwambia maneno ya hovyo. Walimchukua nyumbani wazazi wake wote wakiwa kazini, hakuna aliyeacha ujumbe wowote, mama anarudi jioni mtoto hayupo, anamtuma kaka yake Gerald akamtafute, ndo wanaambiwa yuko kizuizini. Baada ya siku chache wakamwachia, na siku hiyo mama akaletewa taarifa ya tarehe ya kikao kinachofuata, imeandikwa kwenye karatasi ya kawaida tu isiyo na nembo ya ofisi, kwamba jaji amepanga Jumatatu tarehe 15 Juni saa tano asubuhi kwa ajili ya kuendelea na suala la Gerald. Ndo taarifa yote hiyo. Hakuna shtaka lililoelezwa, hakuna aliyewaambia wanaweza kuwa na wakili. (Angalau yao iliandikwa kama ni asubuhi.) Walifika, hawakukosa, na bado mtoto aliagizwa akae kwenye shule ya maadilisho mpaka afikishe miaka 21, yaani miaka sita, kwa kosa ambalo mtu mzima angepigwa faini isiyozidi dola 50 au kifungo kisichozidi miezi miwili. Familia ikapanda juu mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 15 Mei 1967 ikaamuliwa kwamba mtoto na wazazi wake wana haki ya kupewa taarifa ya maandishi inayoeleza shtaka, na wapewe mapema vya kutosha waweze kujiandaa, na kwamba ana haki ya wakili, na ya kuwahoji mashahidi, na ya kukaa kimya.

Sasa mi nikawaza, watu wamepigana miaka mitatu ili karatasi ieleweke. Karatasi! Sisi tunaichukulia kama risiti. Na nikajua kesho yake cha kumwambia loya, kwamba suala letu sio dharau, suala letu ni 9:00.

Hii ya karatasi kutoeleweka sio kisingizio cha mjomba. Kuna utafiti ulifanyika jiji la New York ukatoka 2020 kwenye jarida la Science, walichukua fomu ya wito ya makosa madogo wakaipanga upya, tarehe, saa na mahali vikawekwa juu panapoonekana na matokeo ya kutokufika yakaandikwa waziwazi, waliokosa mahakama wakapungua kwa asilimia 13. Wakatuma na meseji za kukumbusha, wakapungua kwa asilimia 21. Wengi wao walikuwa watu wazima hao, wenye simu zao na nauli zao. Fomu na meseji tu, hakuna aliyetishwa wala kupandishiwa faini. Ukimweka mtoto hapo ndo inakuwa wazi zaidi, maana jina linaloitwa mlangoni ni lake lakini hana hata kimoja cha kumfikisha pale. Simu sio yake, nauli sio yake, ruhusa ya shule inaombwa na mtu mwingine, barua inapokelewa na aliyekuwepo nyumbani, tarehe anaikumbuka aliyeshika karatasi. Mpwa wangu alikosa mahakama akiwa amevaa shati la pasi tangu saa sita mchana. Angeweza kufanya nini zaidi?

Najua wapo wanaokosa makusudi, sitetei kila mtu. Yupo anayeogopa akachoma karatasi, na yupo mkubwa wa miaka 17 anayesema hawanifanyi kitu. Loya alisema kwa uzoefu wake wanaochoma karatasi ni wachache kuliko wale ambao baba alikuwa na tarehe na mama hakuambiwa, kwa sababu hawaongei. Hiyo ilinikaa.

Nigusie haraka kesi ambazo sio za jinai kwa sababu kuna watu watauliza. Mtoto akishtakiwa kwenye madai, mfano mwenye gari akaamua kudai kioo chake kwa njia hiyo, nchi nyingi hazimruhusu mtoto kusimama peke yake, lazima awekewe mtu mzima wa kumwakilisha, na hukumu ya upande mmoja dhidi ya mtoto asiye na mwakilishi inaweza kuvunjwa. Hapo mtoto analindwa vizuri. Mtoto akiitwa kama shahidi, aliyeachiwa jukumu la kumleta ndo anayeulizwa kwanza. Lakini uhamiaji Marekani usicheze kabisa. Kule mtu asipofika mbele ya jaji wa uhamiaji anaweza kuamriwa aondolewe nchini hapohapo bila yeye kuwepo, na umri mdogo peke yake haumtoi kwenye hilo. Kama kulikuwa na sababu kubwa isiyo ya kawaida, ugonjwa mzito kwa mfano, ana siku 180 za kuomba kesi ifunguliwe tena. Kama hakupata taarifa kabisa anaweza kuomba wakati wowote. Tena unaona, kila kitu kinarudi kwenye swali lilelile, taarifa ilifika?

Haya, asubuhi yetu.

Loya alisema neno moja kwenye simu, nendeni leo. Nikamuuliza hawatamkamata mlangoni? Akasema wanaweza, lakini mtoto aliyekuja mwenyewe na mama yake siku inayofuata na mtoto aliyeletwa na polisi mwezi ujao hawaonekani sawa machoni pa hakimu. Ile kwenda ndo utetezi wenyewe. Akatuambia tuje na karatasi orijino sio picha ya kwenye simu, tuje na chochote kinachoonyesha tulifika jana, na tusije na uongo wowote. Hapo kwenye uongo alikaza sauti, akasema watu wengi asubuhi kama hiyo wanapita kwanza kutafuta cheti cha daktari, mtoto hajaumwa hata mafua, na cheti cha kughushi ni kesi nyingine ya mzazi mwenyewe na safari hii hakuna mahakama ya watoto. Dada akaniangalia. Nikajua alikuwa ameshawaza. Nani asingewaza.

Tulifika saa moja na nusu. Korido ileile ila sasa imejaa. Karani ni yuleyule wa jana, na niseme ukweli nilienda nimejiandaa kugombana nae lakini alikuwa mtu mwema, akalitafuta faili, akasema kaeni hapa msiondoke hata kwenda chooni bila kuniambia. Tukakaa. Mtoto alikuwa anapiga piga mguu sakafuni mpaka benchi zima linatetemeka na hakuna aliyemwambia aache. Afisa ustawi akaja akamchukua pembeni wakaongea wawili kama dakika kumi, baadae nikamuuliza mtoto alikuuliza nini, akasema kaniuliza kama naogopa kurudi nyumbani, na kama kuna mtu kanikataza nisije. Sikuwa nimefikiria kabisa kwamba kuna watoto jibu lao hapo lingekuwa ndio.

Tulipoingia loya hakuongea hata dakika tatu. Alieleza, akatoa karatasi. Hakimu akaishika, akaitazama, akaigeuza nyuma kama vile jibu liko huko, akarudi mbele. Akamuuliza dada, mama wewe ulisoma saa ngapi hapa? Saa tisa mheshimiwa. Mlikuja? Tulikuja mheshimiwa, nane na nusu, huyu karani alituona. Hakimu akamwangalia karani, karani akatingisha kichwa kukubali. Akaandika kitu kirefu, kalamu inasikika. Akasema waranti anaifuta, dhamana inabaki kama ilivyo, na mama kama mdhamini anaonywa kwamba akiwa na shaka na saa aje aulize, ofisi iko wazi. Halafu akamwambia mtoto moja kwa moja, na wewe kijana, hii kesi ni yako, tarehe iandike mwenyewe. Mtoto akatafuta kalamu mifukoni hana, karani akampa ya kwake.

Tarehe mpya aliiandika nyuma ya mkono, na karani kwenye karatasi akaandika kwa mkono wake, saa 3 asubuhi, akapiga mstari chini ya neno asubuhi mara mbili.

Kuna kitu bado sikipendi. Sisi tulikuwa na loya. Tulikuwa na mtu wa kukesha na simu, na kazi inayoruhusu mtu kupotea asubuhi nzima bila kufukuzwa. Pale kwenye benchi kulikuwa na mama mwingine peke yake, waranti ya mwanae ina miezi minne, hana karatasi yoyote mkononi, anauliza kila anayepita kama huku ndiko. Sijui yake iliishaje, walimwita tukiwa tumeshatoka.

Siku ya tarehe mpya dada aliweka alamu tatu na bado alinipigia saa kumi na moja alfajiri kuuliza kama nimeamka. Geti tulilikuta limefungwa, tukasimama na mlinzi nje. Saa tatu kamili jina likaitwa mara moja tu, mtoto akasema nipo kwa sauti kubwa mpaka watu wakageuka. Likaitwa jina la mwenye gari, ambaye ndo mlalamikaji na ndo shahidi wa kwanza. Kimya. Likaitwa nje. Kimya. Hakimu akasubiri kidogo, akaangalia saa ya ukutani, akaahirisha.

Tumefika ngazini mtoto ananiuliza, "Anko, na yeye wanamtolea waranti?" Dada akamshika bega akamwambia twende.